Sura ya Tisa: Waya Uliozidi

"Nani amekata huu waya?" Munir aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe hakusikika kama mtu anayejitetea. Alisikika kama fundi aliyeudhika.

Inspekta Mbithe alimsogezea fomu. Alikuwa ameingia chumba cha mahojiano kukamilisha fomu tu: mshukiwa aonyeshwe ushahidi, mshukiwa atie sahihi, basi. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Jumatatu. Saa nane mchana Munir Athman angesimama mbele ya hakimu asomewe shtaka la wizi wa mabavu, na mwaka huo wa 2004 kila mtu aliyevaa sare alijua shtaka hilo linaishia wapi. Dhamana hakuna. Rumande miaka miwili, mitatu, kesi ikisukumwa mbele. Ukipatikana na hatia, kitanzi. Hakimu hata akikuonea huruma, sheria haimpi pa kuiweka huruma yake.

Na aliyemleta Munir hapo ni Mbithe mwenyewe. Ijumaa alipanda ngazi za jengo la mafundi Luthuli Avenue, akamkuta ameinamia redio, akamfunga pingu. Siku hiyo alikuwa na hakika kabisa.

Ushahidi ulikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki: waya mmoja mnene wa shaba na kipande cha bati chenye soketi. Ni vitu vilivyookotwa katika chumba cha kukodi Biashara Street, ghorofani, ng'ambo ya duka la sonara Lalit. Alhamisi saa nne asubuhi majambazi watatu waliingia kwa Lalit na bastola. Lalit alibonyeza kitufe cha king'ora kilichofichwa chini ya meza. Kitufe kile hutuma ishara ya redio hadi kampuni ya ulinzi iitwayo Kinga Imara, na gari la walinzi hufika kwa dakika nne. Alibonyeza mara tisa. Hakuna gari lililokuja, kwa sababu kule ghorofani mtu alikuwa amewasha mtambo unaopiga kelele kwenye masafa yale yale ya king'ora, ishara ikamezwa. Mlinzi wa mlangoni alipigwa risasi ya kifua, akafa. Majambazi wakatoroka na mtambo wao, antena wakaisahau dirishani.

"Nimekuuliza, Inspekta. Nani amekata huu waya?"

"Wewe."

"Mie?" Munir aliusukuma mfuko. "Wallahi mie sikati hivi. Huyu hajui kazi."

"Soketi ina alama yako."

Kweli ilikuwa nayo, doa la rangi ya kucha, nyekundu. Mafundi wa Luthuli huweka alama kwenye kila wanachouza, mteja asije akamrudishia mtu kitu cha duka jingine akidai kimeharibika. Mmoja huchoma kwa msumari wa moto, mwingine hupaka rangi ya gari. Munir huchukua rangi ya kucha ya mkewe.

"Soketi nauza kila siku. Sijakataa soketi. Nasema waya." Aliusogelea tena, akaupima kwa jicho. "Una sentimita ngapi?"

"Arubaini na sita nukta tisa. Na hesabu tunayo." Mbithe alifungua faili, akatoa karatasi yenye mwandiko safi uliopigiwa mstari kwa rula. Hesabu hiyo aliandikiwa na Bwana Thuo, karani wa masafa wa Kinga Imara, aliyekuja kituoni Alhamisi jioni bila kuitwa akajitolea kusaidia. "Mawimbi ya redio yanakimbia mita milioni mia tatu kwa sekunde. King'ora kinatumia megahezi mia moja sitini, yaani mawimbi milioni mia moja sitini kwa sekunde. Gawanya mia tatu kwa mia moja sitini, unapata urefu wa wimbi moja, mita moja nukta nane saba tano. Antena ni robo ya wimbi. Gawanya kwa nne. Arubaini na sita nukta tisa. Hakuna mtu anayekata waya hivyo kwa bahati. Ni fundi wa redio."

"Hesabu iko sawa," Munir alisema.

"Umeona?"

"Hesabu iko sawa sana. Waya ndio hauko sawa."

Mbithe alikuwa ameshaishika kalamu ili ampe atie sahihi. Aliiweka chini.

"Hiyo ni hesabu ya wimbi likiwa hewani, halina kitu cha kulishika," Munir alisema. "Likipita kwenye waya linapunguza mwendo kidogo, na ncha ya waya nayo hujifanya ndefu kuliko ilivyo. Ukikata kwa hesabu tupu, antena inakuwa imezidi. Ndiyo maana kila mia unatoa tano. Hatufikirii, tunatoa tu. Hata mwanafunzi wa wiki mbili anatoa."

"Wewe megahezi mia moja sitini ungekata ngapi?"

"Arubaini na nne na nusu."

Hakusita hata kidogo. Mbithe alipiga hesabu nyuma ya fomu, pole pole, maana hesabu hazikuwahi kumpenda. Arubaini na sita nukta tisa, toa tano kwa kila mia. Ikaja arubaini na nne na nusu. Waya wa mezani ulikuwa umezidi kwa sentimita mbili na kitu.

"Kwa hivyo huu haufanyi kazi?"

"Wa kupiga kelele ng'ambo ya barabara? Unafanya. Hata msumari ungefanya. Ndio maana mwenyewe hajui kama amekosea."

Mbithe aliifunga faili. Mtu aliye karibu na kitanzi husema lolote, na huyu alikuwa na siku tatu za kufikiria la kusema. "Naweza kusema umeukata mrefu makusudi, uje useme si wewe."

"Sasa hapo utaninyonga nikikata vizuri, utaninyonga nikikata vibaya." Macho ya Munir yalijaa maji, akayapangusa kwa hasira. "Usinisikize mie. Kazi zangu zimejaa mji huu. Nenda kapime."

Nje, kwenye benchi la korido, Mabruka mkewe alikuwa amekaa na kikapu cha chakula ambacho askari wa zamu walikuwa wamekikataa tangu asubuhi. Mbithe alimwendea moja kwa moja. Hakuwa na muda wa kuona haya.

"Munir amewahi kufungia mtu antena nyingi kwa mpigo? Zamani, kabla ya haya?"

Mabruka alimwangalia kutoka juu mpaka chini. "Unatafuta la kumwongezea?"

"Natafuta la kumpunguzia."

"Teksi za Phoebe," Mabruka alisema baada ya kufikiri. "Dagoretti Corner. Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani. Alifunga saba, akarudi nyumbani adhana ishapita."

Konstebo Njambi alikuwa dereva wa siku hiyo. Alimtoa Mbithe mjini kwa king'ora na matusi, wakakwama Ngong Road kama watu wote, na saa tano na nusu wakaegesha nyuma ya stendi ya Dagoretti Corner, kwenye kiwanja cha vumbi chenye teksi saba nyeupe. Phoebe, mwenye teksi, alitoka kwenye kibanda chake na kipaza sauti cha redio bado mkononi.

"Sasa, madam. Ni nini tena? Gari zangu ziko na kila sticker."

"Sina shida na stika. Nataka kupima antena."

"Kupima aje?"

"Kwa hii." Mbithe alionyesha utepe wa fundi cherehani, alioukopa kituoni kwa askari anayeshona sare.

Phoebe aliangua kicheko. "Serikali imekosa kazi kweli. Pima, lakini usinikwaruzie gari."

Leseni ya redio ilikuwa imebandikwa ukutani kibandani, na masafa yameandikwa wazi: megahezi 150. Mbithe alipiga hesabu kwenye kiganja. Mia tatu kwa mia moja hamsini ni mita mbili. Robo yake, sentimita hamsini kamili. Ukitoa tano kwa kila mia, arubaini na saba na nusu. Kwa hivyo hamsini ingemmaliza Munir, na arubaini na saba na nusu ingemtetea. Alijinyoosha juu ya paa la gari la kwanza, Njambi akashika utepe chini.

"Hamsini," Njambi alisema.

"Angalia tena."

"Madam, ni hamsini. Hamsini kamili."

Mbithe alirudi chini. Kumbe jamaa alimdanganya, na yeye mtu mzima akakimbia Ngong Road nzima kufukuza hewa. Alikuwa ameanza kukunja utepe kwa hasira Phoebe alipomgusa bega.

"Hiyo unapima si ya Munir. Ya Munir ilivunjwa na wale vijana wa kuosha gari. Hiyo nilinunua tu supermaketi. Na hata haishiki vizuri, dereva analia kila siku. Pima hizo zingine."

Wakapima. Arubaini na saba na nusu. Arubaini na saba na nusu. Gari la nne, la tano, la sita, la saba, arubaini na saba na nusu, na kwenye shina la kila antena lilikuwepo doa la rangi ya kucha lililopauka kwa jua. Miaka miwili kabla mtu hajafikiria kuiba kwa Lalit, Munir alikuwa anatoa tano.

Mbithe aliegemea gari. Ni aibu iliyomshika, si furaha. Siku tatu alikuwa amemlaza mtu sakafuni kwa sababu ya karatasi moja yenye mwandiko mzuri.

"Sasa?" Njambi aliuliza.

"Nani alijua masafa ya king'ora cha Lalit?"

"Kampuni ilisema ni watatu tu. Mkurugenzi wa Kinga Imara, lakini yuko hospitali India tangu mwezi jana. Fundi mkuu, yule Keval. Na Bwana Thuo."

"Twende Woodley. Na usiwashe king'ora."

Ofisi za Kinga Imara zilikuwa katika nyumba ya zamani ya kanjo, yaani baraza la jiji, pale Woodley, sebule imegeuzwa chumba cha redio na vyumba vya kulala vimegeuzwa karakana. Keval, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa amelala chini ya meza akitafuta skrubu. Bwana Thuo alisimama kumpokea Inspekta kwa mikono miwili. Shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni.

"Inspekta! Karibu, karibu. Leo ndiyo siku, ama?"

"Saa nane," Mbithe alisema. "Nimekuja kuomba msaada wa mwisho. Hakimu hajui antena ni nini. Nataka nimwekee mfano mezani. Nyinyi wawili ndio wataalamu, kila mmoja anikatie waya mmoja wa megahezi mia moja sitini. Robo ya wimbi."

"Hakuna shida kabisa," Thuo alisema, na uso wake ukang'aa.

Njambi alimpa kila mmoja kipande cha waya wa shaba kilicholingana unene na ule wa ushahidi. Keval hata hakukaa. Alilaza waya kwenye ukingo wa meza yake, uliojaa alama za penseli za miaka mingi, akakata, akautupa mezani. Alichukua sekunde kumi.

Thuo alitoa karatasi na rula. Aliandika mwendo wa mawimbi. Akaandika masafa. Akagawanya kwa mkono, tarakimu moja baada ya nyingine, akisema kwa sauti kila hatua kana kwamba kuna darasa nyuma ya Mbithe, kisha akapigia jibu mistari miwili. "Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa," alisema. "Hii nilikuwa nawapa kidato cha nne kila Jumatatu." Akafungua droo yake kwa ufunguo, akatoa koleo lenye mpini mweusi, akapima mara mbili, akakata.

Mbithe alinyoosha utepe. Wa Keval, arubaini na nne na nusu. Wa Thuo, arubaini na sita nukta tisa.

Kabla hajafungua mdomo, Thuo alikuwa ameshauona waya wa mwenzake. "Keval, umekosea. Wako ni mfupi."

"Sijakosea, Mwalimu. Lazima utoe tano."

"Tano ya wapi? Kwenye vitabu hakuna tano."

"Kwenye vitabu hakuna. Kazini iko. Uliza fundi yeyote."

"Fundi!" Thuo alicheka, akamgeukia Mbithe. "Unaona shida ya hawa watu? Wanakata kwa mazoea. Jibu ni arubaini na sita nukta tisa. Hata ule waya wa jambazi ni arubaini na sita nukta tisa, ama?"

"Ndiyo," Mbithe alisema. "Huo ndio urefu wake."

Alichukua waya wa Thuo, akautoa ule wa ushahidi kwenye mfuko, akaziweka ncha mbili pamoja chini ya lenzi ya Keval, ile ya kusomea sakiti. Shaba ni laini, na koleo lenye pengo kwenye meno huacha mstari mdogo uliovimba pale lilipokatia. Kwenye waya wa jambazi mstari ulikuwepo, umekata ncha kwa mshazari. Kwenye waya uliokatwa dakika mbili zilizopita ulikuwepo pia, pahali pale pale, mshazari ule ule. Kwenye waya wa Keval haukuwepo.

"Hili koleo ni lako, Bwana Thuo?"

"Langu. Tangu nikifundisha."

"Huwa unaliazima watu?"

"Hakuna mtu huligusa. Kwa nini?"

Mbithe alimfanyia Njambi ishara. Njambi akalichukua koleo kwa leso, akalitia mfukoni. Hapo ndipo Thuo alipoitazama ile lenzi, akainama kuchungulia zile ncha mbili.

"Alhamisi saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mountain View. Nilikuwa na homa."

"Mwalimu," Keval alisema kwa upole, maana alikuwa bado hajaelewa, "si mimi uliniambia umeenda mazishi?"

Redio ya chumba cha pili ilikoroma, mlinzi fulani mahali fulani akaripoti kuwa lango liko salama.

"Soketi ulinunua kwa Munir," Mbithe alisema. "Ukaona alama yake. Ukaja kituoni ukaniandikia hesabu, nikaimeza. Ulitaka fundi, nikakuletea fundi."

"Hawakuniambia watamwua mtu." Thuo aliketi. "Walisema kelele ya dakika tano tu. Walisema hakuna mtu ataguswa. Naapa sikujua kuhusu yule mlinzi."

"Na Munir je? Huyo ulijua."

Mbithe alimwinamia mpaka akaisikia pumzi yake.

"Yule mlinzi hukujua, nakubali. Huyu ulijua. Ulijua adhabu yake ni nini, na Ijumaa ukanipigia simu ukanipongeza. Una roho gani wewe?"

"Lakini hesabu yangu ni sahihi," Thuo alisema kwa sauti ndogo, akiutazama waya.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Mbithe alimwacha Njambi na pingu, na Keval aliyeduwaa, na amri ya kuita gari jingine lipekue nyumba ya Mountain View. Akashika usukani mwenyewe. Alimpigia kiongozi wa mashtaka mara sita, simu haikushikwa. Ngong Road ilikuwa imesimama. Alipanda ukingo wa barabara, akatukanwa, akawatukana pia, akaliacha gari mbele ya mahakama na mlango wazi.

"Munir Athman," karani alikuwa akisoma, "unashtakiwa kwamba tarehe..."

Mbithe alipita katikati ya viti vya mawakili bila kuinama wala kuomba radhi, akamshika kiongozi wa mashtaka bega, akamnong'oneza. Mwanaume yule alimtazama kama mwenda wazimu. Akaomba dakika tano. Hakimu akampa tatu. Mwishowe akasimama akasema kwamba upande wa mashtaka unaondoa shauri hili, mtu mwingine ameshakamatwa. Hakimu aliandika, akavua miwani.

"Uko huru. Shuka."

Munir hakushuka. Karani alimwambia mara ya pili, askari akamfungulia kizimba, na bado alisimama ameshika ubao kwa mikono miwili. Ilibidi Mabruka aende amshike kiuno, amteremshe kama mgonjwa.

Koridoni Mbithe aliwakuta. Alikuwa ameandaa maneno tangu Woodley.

"Bi Mabruka, nimekuja kusema pole. Mumeo anaweza kwenda."

"Kwenda wapi?" Mabruka aliuliza.

"Nyumbani. Kazini. Popote."

"Ijumaa ulimshusha ngazi za Luthuli na pingu, watu wote wakatoka kutazama. Leo unamwambia arudi mwenyewe? Aseme nini? Nani ataamini? Watasema amehonga, ametoka. Nani atampa redio yake mtu kama huyo?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulimtoa wewe. Utamrudisha wewe."

Simu ya Mbithe ilikuwa ikilia mfukoni, mkubwa wake bila shaka, na Woodley kulikuwa na mshukiwa na majina matatu ya majambazi ya kutolewa haraka. Aliizima.

Walitembea kwa miguu. Luthuli Avenue saa tisa alasiri imejaa watu, na mtu wa kwanza kumwona Munir alimgusa wa pili, na wa pili wa tatu, mpaka walipofika kwenye ngazi kelele za redio zikawa zimeshushwa duka baada ya duka. Munir alitaka kupita haraka. Mabruka akamzuia kwa kiwiko. Mbithe alipanda ngazi tatu, akageuka.

"Mimi ni Inspekta Mbithe," alisema. "Ijumaa nilimkamata mtu huyu hapa. Nilikosea. Hakufanya lolote. Kosa ni langu."

Mzee Kulwant Singh, aliyekuwa akiuza spika kwenye duka la mkabala tangu Munir hajazaliwa, alitoka mpaka mlangoni akakunja mikono kifuani.

"Sema tena," alisema. "Wa juu hawajasikia."

Mbithe alivuta pumzi, akainua uso kuelekea ghorofa ya pili, ambako watu walikuwa wamejipanga kwenye kizuizi cha ngazi, akasema tena.